Ukihamia Kisumu, Hamia Kweli

Barua ya uhamisho imefika, au umepata kazi mpya, au umechoka tu kuamka saa kumi alfajiri ili ufike kazini Nairobi saa mbili. Sasa umeamua kwenda Kisumu. Mimi ni mkazi wa huku, na kabla hujaita lori la kubeba vyombo nina neno moja kwako: ukihamia, hamia kweli.

Nasema hivyo kwa sababu wengi huhamisha vitanda peke yake. Kanisa lao limebaki Nairobi, chama chao kiko Nairobi, daktari wa watoto yuko Nairobi, na kila Ijumaa jioni wako kituo cha mabasi au uwanja wa ndege. Mwaka ukiisha wanakwambia Kisumu ni joto na mbu. Hawajasema uongo, joto lipo na mbu wapo. Ila wamevumilia taabu zote za mji huu bila kuonja faida zake, maana faida hizo huwafikia waliotulia. Makala haya yanakusudia kukusaidia utulie.

Jua unakokwenda

Reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, na kituo chake kikaitwa Port Florence. Miaka 100 baadaye, mwaka 2001, Kisumu ikatangazwa kuwa jiji. Ni miongoni mwa miji mikubwa nchini, lakini usidanganyike na sifa hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Kaunti yote ya Kisumu ilikuwa na watu 1,155,574, na wengi wao wanaishi nje ya jiji, katika maeneo kama Seme, Nyakach na Muhoroni. Huu ni mji wa kadiri. Mei 2022, viongozi wa miji ya bara zima walipokutana hapa kwa mkutano wa Africities, mada kuu ilikuwa miji ya namna hii hii na kazi inayoweza kufanya katika maendeleo ya Afrika.

Kwako wewe unayehamia, ukadiri huo una maana mbili. Ya kwanza ni muda. Kutoka Milimani hadi Kondele, au kutoka Migosi hadi katikati ya mji, ni safari ya dakika chache. Unaweza kula chakula cha mchana nyumbani, ukamchukua mtoto shuleni mwenyewe, na bado ukarudi ofisini kwa wakati. Saa hizo ulizokuwa ukizimaliza kwenye foleni ya magari ndizo mshahara wa pili wa Kisumu, na inafaa uamue mapema utazitumia vipi, la sivyo zitaishia kwenye simu.

Maana ya pili ni kwamba utajulikana. Fundi uliyemnyima malipo yake Jumatatu utamkuta kanisani Jumapili, na mwalimu wa mwanao ni jirani wa mkubwa wako wa kazi. Jina lako litafika mahali kabla yako. Kwa mtu mwaminifu hiyo ni hazina, kwa sababu mikopo midogo, kazi za pembeni, nyumba nzuri na hata mchumba hupatikana kwa kuulizana. Kwa mtu aliyezoea kujificha katika umati, ni jambo la kujiandaa nalo.

Usije ukitafuta Nairobi ya bei nafuu. Kodi ya nyumba na nauli zitakupa nafuu, na samaki na mboga pia. Lakini petroli, sukari, vifaa vya umeme na ada za shule za kibinafsi hazitakuonea huruma kwa sababu uko ziwani.

Njoo kwanza bila vyombo

Ni kilomita 350 hivi kutoka Nairobi kwa barabara kupitia Nakuru na Kericho, safari ya saa sita hadi nane kwa basi, au chini ya saa moja kwa ndege. Fanya safari hiyo kabla ya kulipa chochote. Usikodi nyumba kwa kutazama picha kwenye simu, na usitume amana kwa M-Pesa kwa mtu ambaye hujakutana naye mlangoni mwa nyumba yenyewe. Matapeli wa nyumba wako kila mji, na Kisumu haikusazwa.

Ukiweza kuchagua, njoo Aprili. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, nyingine hurudi kati ya Oktoba na Desemba, na hata miezi ya katikati haikauki kabisa. Nyumba inayovutia Januari huenda Aprili ikawa haifikiki ila kwa viatu vya mpira. Mvua ya huku hupenda kuja alasiri au usiku, ikiwa na ngurumo na radi kali, kwa hiyo usiridhike na kutembelea mtaa asubuhi. Rudi saa kumi na mbili jioni uone taa za barabarani zinawaka au la, bodaboda wanafika au hawafiki, na maji ya mvua yanapitia wapi. Kisha muulize mwenye kioski, si wakala. Mwenye kioski anajua ni nyumba ipi wapangaji hawakai.

Mtaa gani?

Milimani ni mtaa wa zamani wenye miti mikubwa na nyumba zenye nafasi, karibu na ziwa na karibu na mji. Ni ghali, na mashirika mengi huwapangia wafanyakazi wao huko. Tom Mboya, Lolwe, Migosi na Kenya Re ni mitaa ya familia za kipato cha kati: shule ziko karibu, matatu na tuktuk zinapita, na majirani wanafahamiana.

Mamboleo, Kanyakwar na Riat ndiko mji unakokua. Riat iko juu ya kilima, upepo wake ni mtamu na ziwa lote unaliona chini yako. Kabla ya kuvutwa na mandhari hayo, uliza maji hufika mara ngapi kwa wiki, na bodaboda atakutoza kiasi gani saa tatu usiku. Kupanda kilima kuna bei yake kila siku.

Kondele, Manyatta, Nyalenda, Obunga na Bandani zinabeba sehemu kubwa ya wakazi wa Kisumu. Ukiwa unaanza maisha, au biashara yako inategemea watu wengi, mitaa hii itakufaa. Kodi ni ndogo, soko liko mlangoni na maisha hayalali mapema. Angalia mambo matatu tu kwa ukali: choo, mtaro wa maji machafu, na chanzo cha maji ya kunywa. Visima vingi vya mitaa hii vimechimbwa karibu mno na vyoo vya shimo. Maji ya kisima yawe ya kufulia na kusafishia; ya kunywa yatoke kwenye bomba la kampuni ya maji ya KIWASCO au kioski chake, na hata hayo yachemshe au uyatie dawa. Kipindupindu kimeshaupiga mji huu zaidi ya mara moja.

Kwa maeneo ya chini, kama Nyamasaria na kandokando ya Dunga, nakuomba uwe mwangalifu zaidi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likavunja rekodi ya 1964, na maji yakaingia katika nyumba na biashara za ufuoni. 2024 likapanda tena. Upande wa mashariki, uwanda wa Kano hufurika kila masika kali mto Nyando unapovunja kingo. Usimuulize mwenye nyumba kama maji huingia. Tazama ukuta: alama ya maji haifutiki hata kwa rangi mpya, na majirani watakuonyesha yalifika wapi.

Ndani ya nyumba

Kisumu iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, chini sana kuliko Nairobi. Mchana joto hufika nyuzi 29 au 30 karibu mwaka mzima. Nyumba ya mabati isiyo na dari itakutesa hadi usiku wa manane. Tafuta yenye dari, yenye madirisha pande mbili ili upepo upite, na ikiwezekana yenye dirisha linalotazama ziwani, kwa sababu mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu.

Kila dirisha liwe na wavu, na wavu usiwe na tundu. Mbali na mbu kuna wadudu wadogo wa ziwa ambao huinuka majini kwa makundi makubwa kama moshi na kufuata taa usiku. Hawaumi, lakini watajaza sufuria yako. Siku wanapokuja, funga madirisha mapema na uzime taa za nje. Kesho yake watakuwa wamekwisha.

Fungua kila bomba mwenyewe. Uliza tangi la akiba lina ukubwa gani na linatumiwa na nyumba ngapi. Mita ya stima iwe yako peke yako, ya tokeni, na usikubali kugawana na jirani hata akiwa mpole namna gani, kwa sababu ugomvi wa stima ndio huvunja ujirani mwingi. Stima hupotea hasa wakati wa dhoruba, basi nunua taa ya sola na kifaa cha kulinda friji na televisheni. Radi zikianza, chomoa nyaya ukutani. Mwisho, andikiana mkataba na mwenye nyumba, chukua risiti ya amana, na upige picha za kila ufa kabla hujaingia.

Afya kabla ya fanicha

Kenya nzima, malaria imeota mizizi zaidi katika ukanda huu wa ziwa. Wewe unayetoka Nairobi, Nyeri au Eldoret mwili wako haujazoeana nayo, kwa hiyo ikikupata inaweza kukulaza vibaya kuliko jirani yako aliyezaliwa hapa. Chandarua chenye dawa kiwe kitu cha kwanza kutolewa kwenye lori. Kila mtu wa nyumba yako alale ndani ya chandarua, na mgeni pia. Mjamzito aende kliniki mapema apewe kinga. Mtoto mdogo muulizie chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa katika kaunti za ziwa Septemba 2019 na hutolewa kuanzia umri wa miezi 6.

Ukipata homa, usinunue dawa kwa kukisia. Kapime siku hiyo hiyo. Kipimo cha tone la damu ni cha dakika chache na kinapatikana hata katika zahanati ndogo. Ukiambiwa una malaria, maliza dozi yote hata ukijisikia vizuri siku ya pili. Na ukienda likizo kwenu kwenye baridi ukashikwa na homa huko, mwambie daktari mara moja kwamba unaishi Kisumu. Wagonjwa wamewahi kuchelewa kutibiwa kwa sababu hakuna aliyefikiria malaria.

Jambo la pili ni kichocho. Konokono wanaobeba ugonjwa huu wanakaa kwenye maji ya ufuoni yenye majani. Usioge wala usiwaache watoto wacheze humo. Kama umekwisha kuingia, kapime. Dawa ipo na inatibu.

Hospitali kubwa ya rufaa ya umma ni ile yenye jina la Jaramogi Oginga Odinga. Mwendesha bodaboda anaijua kwa jina la Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Kuna Hospitali ya Aga Khan na nyingine za kibinafsi, na hospitali ya kaunti katikati ya mji. Jisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ujue ni kituo gani cha karibu na nyumba yako mpya kinachoipokea. Tafuta daktari wa familia ukiwa mzima. Madaktari bingwa wa huku si wengi kama Nairobi, kwa hiyo mwenye maradhi ya kudumu aulize mapema ni nani anayemtibu mgonjwa kama yeye, na yuko kliniki siku gani.

Soko na sufuria

Jifunze Kibuye. Ni soko la wazi kubwa sana, na Jumapili ndiyo siku yake kuu: nguo, vitanda vya mbao, kuku, mahindi, vyungu, vyote. Jubilee, katikati ya mji, ni la kila siku. Ndizi na maparachichi huja kutoka Kisii, maziwa kutoka Nandi, mchele hulimwa hapo Ahero. Ukiwa na muuza mboga mmoja unayemrudia, baada ya muda mfupi atakuwekea osuga na akeyo mbichi kabla ya wengine, na siku huna pesa atakukopesha.

Samaki ndio shule yenyewe. Ngege, yaani tilapia, akiwa mbichi awe na macho maangavu, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Siku hizi sokoni kuna ngege wa ziwani, wa kufugwa kwenye vizimba ndani ya ziwa, na wa barafu aliyeagizwa kutoka China. Wote wanauzwa, ila bei zao zisiwe moja, basi uliza. Mbuta, yaani sangara, ni mkubwa na minofu yake mingi husafirishwa ng'ambo. Mifupa iliyobaki, yaani mgongo wazi, hukaangwa na kuuzwa Obunga, na imelisha na kusomesha familia nyingi. Omena, yaani dagaa, huuzwa kwa gorogoro. Wavuvi huwavua usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kamili bei hupanda. Nunua mwezi ukiwa mchanga, uanike vizuri, uweke akiba.

Ukialikwa kula, utaletewa samaki mzima na kuon, ugali mgumu wa mahindi au wa wimbi na mtama. Nawa mikono, kula kwa vidole, na usiharakishe. Mwenyeji wako anapima utu wako kwa jinsi unavyokula chakula chake.

Kazi

Kisumu inaishi kwa huduma zaidi kuliko viwanda. Serikali ya kaunti iliyoanza na ugatuzi mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Maseno, hospitali, benki, na kituo cha utafiti cha KEMRI kule Kisian ni waajiri wakubwa. Bandari iliamka tena MV Uhuru iliporudi kupeleka mafuta Uganda mwishoni mwa 2019, na meli ya MV Uhuru II imeundwa hapa hapa Kisumu.

Kwa miaka mingi mashirika yasiyo ya serikali yamewalipa vijana wengi wasomi wa huku vizuri. Ukija kwa kazi ya namna hiyo, shukuru, lakini usijenge maisha yako yote juu yake. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wengi wa miradi ya afya katika kaunti za ziwa walibaki bila kazi ghafla, wakiwa na mikopo na karo za kulipa. Mwenye kandarasi aweke akiba ya miezi sita, na awe na ujuzi wa pili ambao mji wenyewe unauhitaji: ushonaji, ufundi wa friji na pampu, uhasibu, ufugaji wa kuku au samaki.

Ukitaka kuingia katika biashara ya samaki, anza kwa kuzungumza na kamati ya usimamizi wa ufuo, inayojulikana kwa kifupi kama BMU, kwa sababu ufuo hauna mlango wa nyuma. Na wewe dada unayeanza, ujue kuna desturi mbaya iitwayo jaboya, ambapo mvuvi humdai mchuuzi mwili ndipo amuuzie samaki. Usiikubali. Ungana na wanawake wenye chama na mashua yao, au nunua kwa wafugaji wa vizimba wanaouza kwa mizani.

Watu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe ni salamu, mchango na kuhudhuria.

Kiswahili kitakutosha sokoni, ofisini na kwenye matatu. Lakini Kijaluo ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi wa majirani zako, na maneno machache yatakufungulia malango. Asubuhi sema oyawore, jioni oimore, na ukitendewa wema sema erokamano. Mzee wa makamo mwite jaduong'. Mama wa jirani mwite kwa mwanawe wa kwanza: min Otieno, au Mama Otieno kwa Kiswahili. Usimwite kwa jina lake la kwanza hata kama mna umri mmoja, mpaka akuruhusu. Nawe utaitwa kwa kwenu. Ukiwa mwanamke kutoka Kisii, usishangae kusikia nyar Kisii. Ni njia ya kukupa mahali pa kusimama.

Usidhani pia kwamba mji mzima ni kabila moja. Waluhya na Wakisii wako wengi, kuna familia za Kihindi zilizokuja na reli na biashara zake, kuna Wanubi na Waislamu wa siku nyingi mitaa ya Kaloleni. Jumamosi Waadventista, ambao ni wengi katika ufuo huu, hawafanyi kazi. Usimpangie fundi wako siku hiyo kabla ya kumuuliza.

Jambo kubwa kuliko yote ni matanga. Jirani au mwenzako wa kazi akifiwa, nenda. Toa mchango wako hata ukiwa mdogo, ukae naye jioni moja, na ukiweza panda gari siku ya mazishi uende Siaya, Homa Bay au Nyakach. Mwili kwa kawaida huondoka mochari Alhamisi au Ijumaa na kuzikwa Jumamosi, ndiyo maana barabara za kutoka mjini hujaa misafara siku hizo. Wageni wengi huona michango hii kama mzigo na kukwepa. Nakusihi usikwepe. Weka kifungu cha matanga katika bajeti yako ya kila mwezi. Pale kwenye hema, kwa saa chache, utafahamiana na watu ambao ofisini ungewajua baada ya miaka. Na siku ya msiba wako, mbali na kwenu, hawatakuacha.

Kisha jiunge na kitu kimoja kinachokutana kila wiki: kwaya, chama, timu ya mpira, kikundi cha kutembea asubuhi. Kimoja kinatosha, mradi usikose.

Mwaka wa uchaguzi

Nitakuwa nimekunyima ukweli nikiruka hili. Mji huu umeumizwa na siasa. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku ile ile ya kufunguliwa kwa hospitali ya Russia, polisi waliwafyatulia watu risasi na wakafa wengi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maduka yalichomwa, watu wakapigwa risasi, na familia za jamii nyingine zikaukimbia mji. Mwaka 2017 mtoto wa miezi 6 aliuawa Nyalenda baada ya polisi kuingia nyumbani kwao usiku. Watu wanakumbuka, na ni haki yao kukumbuka.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Wiki hiyo uwe na chakula, maji, tokeni na dawa za wiki mbili. Epuka Kondele na barabara kuu wakati wa kutangazwa matokeo, usibishane siasa kwenye bodaboda, na uwasikilize majirani wakikwambia leo usitoke. Siku nyingine zote, hawa hawa wanaozungumza siasa kwa sauti kubwa chini ya mti ni watu wakarimu ambao watakuuliza maoni yako na kungoja jibu.

Ziwa ni lako pia

Inashangaza jinsi wakazi wengi wapya wanavyokaa miezi bila kufika majini. Nenda Dunga ule samaki, upande mashua kuona mafunjo na ndege, ila vaa jaketi la kujiokolea na urudi kabla ya dhoruba za alasiri. Viboko hutoka majini jua likizama. Usitembee ufuoni gizani. Gugumaji, ambalo limekuwa ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, husukumwa na upepo hadi likafunga ghuba, basi piga simu kwanza ujue kama njia iko wazi. Wikendi nyingine wapeleke watoto makumbusho ya Kisumu, kwenye mwamba wa Kit Mikayi kule Seme, au uvuke kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita na uendelee Rusinga kwenye kaburi la Tom Mboya.

Ploti ingoje

Baada ya miezi michache mtu atakuja na ploti nzuri ya bei ya kutupa. Mwambie angoje mwaka. Ardhi nyingi pembeni mwa mji bado imeandikwa jina la babu aliyefariki, na anayekuuzia ni mmoja wa wajukuu. Bila mirathi kukamilika, hati haiwezi kuhamia kwako. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, mlete mpimaji aliyesajiliwa, pata idhini ya bodi ya ardhi ikiwa ni shamba, na uhakikishe mke au mume wa muuzaji amekubali. Kutana na familia nzima mbele ya chifu. Na utazame ploti hiyo ikinyeshewa.

Mwaka huo ukiisha, jipime kwa maswali haya. Ukishikwa na homa usiku, nani atakupeleka hospitali? Ukikosa karo wiki moja, nani atakuazima? Mtoto akichelewa kutoka shuleni, nani atakupigia simu kukwambia amemwona? Majibu yakiwa majina ya watu wa Nairobi, bado hujafika, na hakuna ploti itakayokufikisha. Yakiwa majina ya watu wa hapa, nunua, jenga, na uanze nawe kuwapokea wanaokuja.